Mtu wa Mti Kutoka Kanada

Mwizi gani huyu anayekunja plastiki?

Inspekta Nyevu Ngowa alichuchumaa akalitazama tena lile sanduku la karatasi ngumu. Lilikuwa refu, kimo cha mtoto wa chekechea, limesimama kando ya kabati la vyombo sebuleni mwa Mama Josephine, huku Junda, Kisauni. Utepe wake wa gundi ulikatwa kwa kisu, taratibu, bila pupa. Ndani, ile plastiki ya mapovu iliyofungia mzigo ilikuwa imekunjwa vizuri kama leso mpya. Juu yake kililazwa cheti ndani ya fremu ya kioo, na kioo hakikuwa na hata ufa.

"Na hii simu?" aliuliza, akiinyooshea kidole simu iliyokuwa ikichajiwa juu ya meza.

"Yangu hiyo," alisema Mama Josephine. "Juzi niliiacha hapo hapo nikaenda kazini. Niliporudi nikaikuta."

"Na redio?"

"Nayo nikaikuta."

"Kwa hivyo mwizi ameacha simu, ameacha redio, amebeba mti."

"Si mti, afande!" Mama Josephine aliruka kama aliyemwagiwa maji ya moto. "Ni zawadi ya mwanangu. Imetoka Kanada!"

Mwanawe mwenyewe, Linda Kaviha, alikuwa ameketi ukingoni mwa kiti karibu na pazia, bado na sare ya shule, akisokota pindo la sketi. Tangu Nyevu aingie hakuwa ametoa neno zaidi ya shikamoo, na hiyo shikamoo yenyewe ilisikika nusu.

"Hebu nianzie mwanzo," Nyevu alisema, akavuta kigoda.

Mama Josephine hakungoja kubembelezwa. Linda yuko kidato cha tatu. Mtoto mkimya, kanisani akiimba hata aliyekaa naye ubavuni hamsikii. Kumbe maneno yake yote alikuwa akiyamwaga kwenye hadithi. Aliandika moja ya mgema wa Junda aliyepanda mnazi mrefu mpaka akatokea mwezini, akakuta huko nako watu wana kiu. Akaituma Kanada, mji wa Winipegi, kwa chama cha watu wanaopenda hadithi za sayansi na maajabu, maana walikuwa wametangaza shindano la vijana wa nchi zote. Haya, ikashinda!

"Wana jarida lao la habari," mama aliendelea, kifua mbele. "Linaenda kwa barua pepe, Kanada nzima. Linda wangu akawa habari ya kwanza kabisa, juu, kabla hata ya mikutano yao na vitabu vyao vipya. Nimemwonyesha mpaka mchungaji."

"Na zawadi ndiyo hiyo iliyopotea."

"Ni ya kupokezana." Linda alisema hivyo akitazama sakafu, na wote wawili wakamgeukia. "Kila mshindi anakaa naye mwaka mmoja, halafu anampeleka kwa mwenzake. Hajawahi kutoka Kanada. Wengine kule walikataa asiletwe huku, wakasema atapotea. Bi Doreen, yule mhariri wa jarida, akawaambia hatapotea, yeye ndiye mdhamini."

"Mbona wamwita kama mtu?"

"Kwa sababu ni mtu. Ni mtu wa anga."

Linda akafungua simu, akamwonyesha picha. Mwanamke mwenye mvi, amevaa koti zito la baridi, amekumbatia kitu kifuani kama mtu aliyebeba mtoto. Mikono ya koti ilikifunika karibu chote. Kilichoonekana ni kichwa tu: mti mweupe, mviringo kama chungwa, bila macho, bila pua, bila mdomo.

"Hana uso?"

"Ile ni kofia yake ya angani. Amefunika uso."

"Kesho kuna nini? Mama yako aliniambia kwenye simu kesho ndiyo mwisho."

"Kesho jioni wananipigia kwa video, chama kizima. Kwao itakuwa asubuhi. Wataka kuniona naye. Picha itatoka kwenye jarida."

"Na asipokuwepo?"

"Basi wale waliokataa watakuwa walisema kweli. Bi Doreen ataaibika. Na hawatamtuma tena kwa mtu wa mbali. Kuna msichana wa Jomvu Kuu ninayemjua, naye anaandika. Nilishamwambia mwakani ajaribu."

Nyevu alishapeleleza mambo makubwa kuliko hilo, na bosi wake alimpa kesi hii huku akicheka. Lakini vile msichana alivyoshika pindo la sketi, hakuona cha kuchekesha.

Akauliza maswali yake moja baada ya jingine. Mzigo uliletwa juzi asubuhi na Bakari wa pikipiki. Mama Josephine akaupokea, akakata gundi kwa kisu cha jikoni aone kama kuna kilichovunjika. Akaona kile kichwa cha mviringo ndani ya plastiki, akasema mtoto atajifungulia mwenyewe, akafunika, akaenda zake stendi ya Mwandoni kuuza viazi karai. Mumewe, Kaviha, alikuwa zamu kiwandani Changamwe. Mlango ulirudishwa tu, haukufungwa kwa kufuli. Jioni Linda akarudi mbio kutoka shule, akakuta cheti na plastiki.

"Nyumbani alibaki nani?"

"Baba mkwe wangu peke yake, Mzee Jefwa. Lakini yeye yuko kule nyuma, kibandani kwake, na minazi yake. Hata yeye alitusaidia kutafuta, maskini. Aliinama mpaka chini ya vitanda, na mgongo wake ule!"

Nyevu alimpigia Bakari. Sauti ikaja pamoja na ngurumo ya pikipiki.

"Inspekta, mimi nilikabidhi mzigo mzima! Mama akatia sahihi, nikaenda zangu Mkomani. Na lile sanduku lilinikwaruza mgongo njia nzima, kama kuna wa kushtaki ni mimi."

Nyevu akamwondoa Bakari kwenye orodha ya washukiwa. Plastiki ilifunguliwa na kukunjwa humu humu ndani, baada ya mama kuondoka. Mtu wa pikipiki hana wakati wa kukunja.

Alipokuwa akiinuka ndipo alipoona, kwenye kizingiti cha mlango, unga mwembamba wa rangi ya asali. Akaugusa, akaunusa. Vumbi la msumeno.

"Fundi mbao wa hapa karibu ni nani?"

"Kuna Elkana, pale barabarani, lakini..." Mama Josephine alimtupia Linda jicho, akafunga mdomo kama aliyeuma ulimi.

Nyevu akaliona lile jicho, akaliweka akibani.

*

Karakana ya Elkana ilikuwa kando ya barabara ya Malindi, paa la mabati, vitanda viwili vya kuuza vimesimamishwa nje. Elkana alikuwa mtu wa Kakamega, ameishi Kisauni miaka mingi lakini Kiswahili chake kilikuwa bado kina haraka ya bara. Alipomwona Nyevu na kitambulisho chake, alifanya kitu ambacho mtu mwenye akili hakifanyi mbele ya polisi: alivuta gunia akafunika kitu kilichokuwa juu ya meza.

"Nini hicho?"

"Hakuna kitu, afande. Ni kazi ya mteja."

"Funua."

"Afande, niliapa."

"Uliapa mbele ya nani? Hakimu?"

"Mbele ya Mama Linda. Hakimu ni afadhali."

Nyevu akalivuta gunia mwenyewe. Chini yake palikuwa na kigoda kidogo cha mviringo, kimepigwa msasa mpaka kinang'aa, na shimo katikati. Moyo wake uliokuwa umepanda ukashuka.

"Ni ya kumsimamishia ule mti wa Linda," Elkana alisema, uso umemshuka. "Mama yake anataka kumshtua nayo kesho. Aliniambia nikimwambia mtu, nisahau viazi karai maisha yangu yote."

"Kwa hivyo juzi ulikwenda kupima."

"Nilienda. Lakini sikupima kitu, hilo shimo nimekisia tu. Nilifika mlangoni nikaona kuna mtu, nikarudi."

"Nani?"

"Si ni huyo babu. Mzee Jefwa. Alikuwa amekaa chini kwa sakafu mbele ya hiyo box, amevua kofia. Afande, mimi huyo mzee sijawahi ona kichwa chake! Hata kwa mazishi huwa anashikilia kofia yake kama pesa. Lakini hapo amevua, ameweka kwa magoti, na anaongea."

"Anaongea na nani?"

"Ndio sijui. Nilidhani anaomba. Lakini mtu akiomba si anafunga macho? Yeye alikuwa ameyafungua. Na ilikuwa Kigiriama, mimi Kigiriama najua tu salamu. Kuna neno moja alikuwa anarudia. Mwenehu. Mwenehu, mwenehu, kama mtu anapokea mgeni. Nikaona ni aibu kusimama hapo, nikajiendea."

Mwenehu. Nyevu alilelewa Changamwe, baba yake akifanya kazi bandarini, na Kigiriama chake kilikuwa cha likizo. Lakini neno hilo hata mtoto wa Mgiriama aliyezaliwa mjini analijua. Ndugu yetu.

"Ulimwona tena siku hiyo?"

"Mchana. Anatoka kwa duka la Mwanakheri, anatabasamu kama bwana harusi. Afande, naweza kuendelea na msasa? Kesho ndiyo siku yenyewe."

"Endelea, fundi. Na usimwambie Mama Linda kama nimekiona."

"Mimi? Nataka viazi."

*

Mwanakheri alikuwa na duka la vitambaa mkabala na msikiti, na ulimi usiohitaji kusukumwa. Nyevu aliketi, akaitika salamu moja baada ya nyingine, akauliza hali ya watoto na ya mguu uliokuwa ukimsumbua, kisha ndipo akamtaja Mzee Jefwa.

"Mzee Jefwa! Wallahi mwanangu, juzi ameniacha hoi. Aingia hapa, ataka kitambaa. Namwambia mzee wangu, kanzu ama shuka? Asema la, ataka kipande chembamba tu, hivi, upana wa mkono. Cheupe. Haya, namkatia. Ataka na chekundu. Namkatia. Ataka na cha buluu, lakini si buluu hii ya mbinguni, ataka ile ya giza. Namuuliza, babu, washona bendera? Acheka mpaka machozi. Aniambia, Mwanakheri, nyumbani kwetu kumeingia mgeni na hana nguo."

Nyevu alikuwa akijipepea kwa kipande cha karatasi. Mkono ukasimama hewani.

Cheupe, chekundu, cha buluu ya giza.

Nyevu akakumbuka alipokuwa mdogo, likizo ya Disemba, Kaloleni kwa bibi yake. Alikuwa akimkimbiza kuku nyuma ya nyumba, akatokea mahali palipofyekwa. Palikuwa na miti imesimama mistari, myembamba, bapa, imechongwa pembetatu ndogo ndogo toka juu mpaka chini. Kila mti una kichwa cha mviringo. Kila mmoja umefungwa vitambaa kiunoni: cheupe, chekundu, cha buluu ya giza. Shangazi alikuja akamshika mkono. "Hapo hapachezewi. Hao ni wazee wetu."

Vigango. Mzee mkubwa wa Gohu, chama cha heshima cha wazee wa Kigiriama, akifa, huchongewa kigango, kikasimamishwa, na tangu siku hiyo hakiguswi wala hakihamishwi. Ni yeye mwenyewe amesimama. Humwagiwa tembo la mnazi kidogo, huvishwa, huzungumziwa habari za nyumbani. Na watu walikuja wakaving'oa usiku, wakaviuza, vikapanda ndege kwenda kupamba nyumba za watu ng'ambo.

"Mwanangu, mbona umenyamaza?" Mwanakheri aliuliza. "Nikupe maji?"

"La, Mama. Nimeshapata nilichokuwa nikikitafuta. Alikuwa akicheka, ulisema?"

"Mpaka machozi."

*

Kibanda cha Mzee Jefwa kilikuwa nyuma kabisa, upande wa minazi iliyoteremka kuelekea mkono wa bahari. Alimkuta ameketi mlangoni akisuka kamba ya makumbi, kofia kichwani, na harufu hafifu ya mnazi hewani.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Wewe ndiwe wa polisi? Wa nyumba ya nani?"

"Wa Ngowa, babu. Kwetu hasa Kaloleni."

"Aaa! Basi uko nyumbani. Keti."

Nyevu akaketi juu ya kipande kikubwa cha gogo, akaweka mikono mapajani. Mambo mengine hayaulizwi mtu akiwa amesimama.

"Babu, nimekuja kwa habari ya mwizi aliyeingia kwa mjukuu wako."

"Mwizi?" Mzee akatikisa kichwa, lakini usoni alikuwa ametulia kama mtu aliyeshiba. "Hapa hapajaingia mwizi, mwanangu. Mwizi aliingia zamani, tena si hapa."

"Mama Josephine anasema ulimsaidia kutafuta."

"Nilitafuta sana. Ile karatasi ya kioo si ipo? Mimi nilijua zawadi yake ndiyo hiyo, nikamwachia. Sijui hicho kingine wanachokililia ni nini. Watu wenyewe kila nikiwauliza wanalia tu."

"Na mnazi, babu? Mchungaji anajua kama umerudia mnazi?"

Mzee akaacha kusuka. "Sikunywa mimi."

"Najua. Naomba nimwone mgeni wako."

Kuku mmoja alipita kati yao, akachakura, akaenda zake. Kisha Mzee Jefwa akaweka kamba chini, akaegemea mkono ukutani, akainuka. Nyevu akamfuata nyuma ya kibanda.

Hapo, mahali palipofagiliwa vizuri, alisimama mtu wa mti. Mweupe, bapa, kichwa mviringo kama chungwa. Ubavuni mwake mistari ya pembetatu ndogo ndogo ilishuka toka begani mpaka chini, na kiunoni alikuwa amefungwa vitambaa vyake vitatu, vipya, fundo la heshima. Ardhi ilikuwa na unyevu miguuni pake. Kama Nyevu angemwona kwenye picha akiwa wazi, naye angeapa ni kigango.

Mzee Jefwa alikuwa ameshavua kofia.

"Ndugu yangu Kaviha," alisema. "Mkubwa wangu. Huyu mwanangu, baba yake Linda, nilimpa jina lake. Kigango chake kiling'olewa tukiwa tumelala, asubuhi tukakuta shimo. Mama yetu alilia mpaka alipokufa, asema mwanangu yuko kwenye baridi na hana nguo. Mwaka juzi nikasikia kwenye redio kuna wazungu wameanza kurudisha. Nikawa nangoja. Juzi naingia sebuleni, naona sanduku, stempu za ng'ambo, na juu yake limeandikwa kwa herufi kubwa: KAVIHA, KISAUNI. Nafungua. Ungefanyaje wewe?"

"Ningevua kofia," Nyevu alisema.

Nyuma yao kijiti kilivunjika. Linda alikuwa amesimama pembeni mwa kibanda, mkono mdomoni. Hakuna aliyejua alikuwa hapo tangu lini. Alimtazama yule mtu wa mti, akamtazama babu yake, na Nyevu aliona furaha na maumivu vikigombania uso mmoja.

Hii ndiyo sehemu ya kazi ambayo Nyevu hakuipenda. Mwizi hayupo, na mali imepatikana, na bado kuna mtu ataumia. Akachagua maneno kama anayeokota vioo.

"Babu. Kigango cha Kaviha kilikuwa na alama yoyote?"

"Kilikuwa nayo. Kaviha alikosa kidole cha mwisho, kilikatwa na kotama yake mwenyewe akigema. Fundi akasema basi na mti wake ukose kitu. Ubavu wa kushoto akaruka pembetatu moja."

"Huyu anayo?"

Mkono wa mzee ulikwenda peke yake ubavuni mwa ule mti, ukashuka pembetatu kwa pembetatu, bila kukuta pengo.

"Zimetimia," alisema polepole. "Niliona tangu juzi. Nikadhani huko ng'ambo wamemtibu. Wana hospitali kubwa."

Linda ndiye aliyesogea. Yule Linda asiyesikika kanisani alikuja akapiga magoti mbele ya babu yake, sketi ya sare kwenye udongo mbichi.

"Babu, nyuma yake kuna maandishi. Uliyaona?"

"Niliyaona. Nikasema ni wezi wamemwandika, hawana adabu."

"Si wezi. Hilo la juu kabisa ni jina la Alden. Ndiye aliyewaanzishia kile chama, aliwasomea hadithi sebuleni kwake mpaka akafa. Rafiki yake akamchonga huyu wamkumbuke. Hizi pembetatu ni nyota. Wakaandika: hatutamzika, tutampitisha nyumba kwa nyumba kwa wanaosimulia." Akavuta pumzi. "Sisi wote tulioandikwa chini yake ni wenyeji wake tu. Na mwaka huu nyumba yake ni hii."

Mzee Jefwa akakaza fundo la vitambaa kiunoni mwa yule mtu wa mti.

"Kumbe ni ndugu ya watu wengine," mzee alisema.

"Ndiyo, babu."

"Naye yuko mbali na kwao."

"Ndiyo, babu."

"Na mimi nimemvisha." Mzee akaanza kucheka, kidogo kidogo, mabega yakitikisika. "Sasa mgeni ukishamvisha utamvua? Na wenyewe wataka kumwona kesho! Basi wamwone amevaa. Lakini hang'olewi hivi hivi kama muhogo. Ataambiwa kwanza."

Akammwagia mnazi uliobaki kwenye kifuu, akainama, akazungumza naye kwa Kigiriama, sauti ya chini, sauti ya mwenyeji anayemwomba mgeni ahamie chumba kingine. Nyevu alishika maneno machache tu: njia, mtoto, kesho.

"Amekubali?" Linda aliuliza.

"Amekubali. Ila asema ikiwa ni kwenye baridi tena, haendi."

Linda akacheka kwa sauti. Nyevu alipogeuka, Mama Josephine alikuwa mlangoni pa jikoni na mwiko mkononi, hajui kilichotokea, lakini kucheka kule alikuwa amekusikia.

*

Kesho yake jioni sebule ilijaa. Mtu wa mti alisimama juu ya kigoda cha Elkana, vitambaa vyake vitatu kiunoni. Elkana mwenyewe alikuwa karibu na sahani ya viazi, roho imetulia. Mzee Jefwa alivaa shati lake la Pasaka. Nyevu alisimama nyuma, bila sare, akijiambia amekuja tu kufunga faili.

Simu ikawaka. Nyuso zikajaa vidirisha vidogo vidogo, zenye miwani, zenye ndevu, moja na paka. Bi Doreen alipomwona Alden amesimama, alifunika mdomo kwa mikono miwili.

Mwanamume mmoja mwenye ndevu nyeupe, kofia ya sufu kichwani, akauliza kwa Kiingereza kwa sauti kavu: mbona amefungwa matambara?

"Ndiye huyo aliyekataa asiletwe," Linda alinong'ona, rangi imemtoka.

Alikuwa amekariri maneno mawili matatu tu ya ahsante. Nyevu alimwona akimtazama babu yake, na babu akimwitikia kwa kichwa. Kisha Linda akaanza. Sauti ilianzia chini, kama yule mgema wake, ikapanda pingili kwa pingili. Akawaambia kigango ni nini. Akawaambia habari ya Kaviha, na shimo la asubuhi ile, na mama aliyelia kwa ajili ya baridi, na kidole, na pembetatu, na sanduku lenye jina. Akawaambia Alden amepokelewa kwa kofia kuvuliwa na hajalala na kiu hata siku moja.

Alipomaliza, yule mwenye ndevu aliinua mkono taratibu, akavua kofia yake ya sufu, akaiweka magotini.

Bi Doreen akapangusa macho, akavaa miwani, akageuka mhariri. Jarida linalokuja, alisema, habari ya kwanza haitakuwa zawadi. Itakuwa Kaviha. Wasomaji wao wako kila mji; wamo wanaofanya kazi makumbusho, wamo wanaouza vitu vya kale, wamo wenye majumba ya shangazi zao yaliyojaa vitu visivyojulikana vimetoka wapi. Wapewe maelezo ya kutosha wamtafute. Je, polisi wanayo taarifa?

Linda akatafsiri. Wote wakamgeukia Nyevu.

Polisi hawakuwa nayo. Siku zile hakuna aliyekwenda kituoni, na angekwenda nani angempokea? Nyevu akavuta kiti, akakiweka mbele ya mzee, akatoa kalamu.

"Babu, nataka kuandika ripoti ya wizi."

Mzee Jefwa akashangaa. "Wa zamani vile? Unapokelewa?"

"Mimi naupokea. Jina la aliyepotea?"

"Kaviha wa Kiponda." Mzee akajiweka sawa kwenye kiti, kama mtu anayepigwa picha.

"Ametoka wapi?"

"Kaloleni. Nyumbani kwake, nyuma ya boma."

"Alama ya kumtambulisha?"

"Ubavu wa kushoto, pembetatu moja haipo." Mzee Jefwa aliinama mbele, akaweka kidole kwenye karatasi, palepale kalamu ilipoishia. "Na hilo liandike vizuri, mwanangu, wasome wote. Wakimwona wasimtibu. Aje vile vile alivyo."

Nyevu akaliandika.